Mbingu ya Maboksi na Karatasi za Sigara: Je, Ni Dharau?

Katika jumba la makumbusho la Smithsonian American Art Museum, mjini Washington nchini Marekani, kuna kiti cha enzi kinachong'aa kwa dhahabu na fedha. Ukikitazama kwa mbali utadhani ni cha mfalme fulani wa kale. Ukisogea ndipo unapogundua kwamba ni viti na meza kuukuu, maboksi, balbu zilizoungua, glasi za jemu na karatasi za kung'aa kama zile za ndani ya pakiti za sigara. Aliyekitengeneza alikuwa mfagizi wa ofisi za serikali, jina lake James Hampton. Kwa imani yake, alikuwa akikiandalia ujio wa pili wa Kristo.

Naandika juu ya kiti hicho kwa sababu mjadala wake umefika mlangoni petu. Mimi hufundisha vijana kazi za sanaa siku za Jumamosi hapa Kisauni. Mwaka huu vijana wa kanisa moja wameniomba niwaongoze kutengeneza ukuta utakaoonyesha mbingu kama ilivyoelezwa katika Biblia. Hawana pesa za rangi za duka. Walicho nacho ni mikebe, vifuniko vya soda, vipande vya vioo, mabaki ya vitambaa vya mafundi cherehani na ndara zilizotupwa ufuoni na bahari. Mzee mmoja wa kanisa lao alipoliona gunia la vitu hivyo alisema bila kuficha: mbingu haitengenezwi kwa taka, hii ni dharau. Hadi naandika haya, kamati haijaamua kama kazi hiyo itapewa ukuta au la.

Mzee yule simlaumu. Swali lake ni la haki, tena ni swali ambalo wengi wangeliuliza, awe Mkristo au Mwislamu. Kwa hivyo nitajaribu kulijibu kwa utaratibu: sanaa ya namna hii ni ipi, Biblia yenyewe inaielezaje mbingu, waliotangulia walifanya nini, na dharau inaanzia wapi.

Sanaa mseto ni nini

Wachoraji wengi hutumia kitu kimoja: rangi kwenye turubai, au kalamu kwenye karatasi. Sanaa mseto ni kazi inayounganisha vitu vya aina mbalimbali katika umbo moja. Rangi inaweza kuwemo, lakini pamoja nayo kuna kitambaa, mbao, bati, kioo, waya, karatasi iliyochanwa, hata nywele au mchanga. Ikiwa ni vipande vya karatasi na picha vilivyobandikwa juu ya ubao, huitwa kolaji. Ikiwa ni vijiwe au vioo vidogo vilivyopangwa kwenye saruji, huitwa mozaiki.

Tofauti kubwa na picha ya kawaida ni hii. Mchoraji anapotaka kuonyesha dhahabu, hutafuta rangi ya manjano itakayofanana na dhahabu. Msanii wa mseto huleta kitu chenyewe kinachong'aa, akakiweka mbele yako, na mwanga wa chumba ukafanya kazi iliyobaki. Ukisogea kushoto, kinameta huku. Ukisogea kulia, kinameta kule. Picha ya rangi imetulia mahali pamoja, lakini kazi ya vitu inabadilika pamoja na anayeitazama.

Biblia inazungumza kwa vitu

Watu wengi wanapofikiri juu ya mbingu hufikiria mawingu meupe na malaika wenye vinubi. Lakini ukifungua vitabu vinavyoielezea kwa urefu, yaani Ezekieli sura ya 1, Isaya sura ya 6 na Ufunuo sura za 4, 21 na 22, utakuta jambo jingine kabisa. Utakuta orodha ya vitu, kana kwamba umeingia kwa sonara.

Kiti cha enzi kinafananishwa na yakuti samawi. Upinde unaokizunguka unafananishwa na zumaridi. Mbele yake kuna bahari ya kioo. Mji mtakatifu una misingi 12, kila mmoja na jiwe lake la thamani. Una milango 12, na kila mlango ni lulu moja nzima. Barabara yake ni dhahabu, lakini dhahabu ya ajabu, inayopenyeza nuru kama kioo. Kuna mto, na kuna mti wa uzima unaozaa mara 12, na majani yake ni dawa ya mataifa.

Majina haya si mageni kwetu. Yakuti, zumaridi, akiki, lulu: haya ni maneno ambayo masonara wa Mji wa Kale wamekuwa wakiyatamka tangu enzi za mababu. Aliyeitafsiri Biblia kwa Kiswahili hakulazimika kuyabuni. Aliyakuta yakitumika.

Sasa angalia jinsi vitu hivyo vinavyotajwa. Ezekieli hasemi kwamba aliona kiti. Asema aliona mfano wa kiti, na neno hilo la mfano analirudia tena na tena, kama mtu anayejua kwamba lugha haimtoshi. Ufunuo nao umejaa maneno ya kufananisha: kama hiki, mithili ya kile. Waandishi hawa hawakuwa wakitoa ramani. Walikuwa wakiokota vitu vizuri kuliko vyote walivyovijua duniani, wakaviweka pamoja ili msomaji apate kuonja kidogo.

Hata vipimo vinatuonyesha hivyo. Mji wa Ufunuo una upana, urefu na kimo vilivyo sawa, stadia 12,000 kila upande. Kwa hesabu ya leo ni kama kilomita 2,200. Kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa barabara ni karibu kilomita 480, basi zidisha mara nne na zaidi, kisha uinue kimo hicho hicho kwenda juu. Hakuna ukuta wala karatasi itakayobeba kitu kama hicho. Msanii anayedai kuchora mbingu ilivyo hasa anadai jambo ambalo hata manabii hawakulidai. Anachoweza ni kufuata njia yao, yaani kukusanya vitu na kufananisha.

Hema na vioo vya kina mama

Kuna mfano mmoja ambao nilimpa mzee, na naomba kila msomaji autafakari. Katika kitabu cha Kutoka, kuanzia sura ya 25, Waisraeli wanaagizwa wajenge Hema la kukutania wakiwa jangwani. Waraka kwa Waebrania, sura ya 8, unasema kwamba hema lile lilikuwa mfano na kivuli cha mambo ya mbinguni. Kwa lugha ya fundi, basi, hiyo ilikuwa kazi ya kuionyesha mbingu kwa vitu vya duniani.

Na vitu vyenyewe vilikuwa vipi? Dhahabu, fedha na shaba. Nyuzi za rangi ya samawati, zambarau na nyekundu. Kitani, manyoya ya mbuzi, ngozi za kondoo, mbao za mshita, mafuta na manukato. Kila mtu alileta alichokuwa nacho, na fundi mkuu, Bezaleli, pamoja na mwenzake Oholiabu, wakaviunganisha. Sura ya 36 inaeleza kwamba watu walileta vingi mno, hadi Musa akalazimika kuwaambia wasilete tena.

Kilichonigusa zaidi kiko katika sura ya 38. Birika la shaba la kunawia makuhani lilitengenezwa kutokana na vioo vya wanawake. Zamani vioo vilikuwa shaba iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Kitu ambacho mama alijitazamia uso asubuhi kiliyeyushwa, kikawa chombo cha mahali patakatifu.

Mzee alinijibu vizuri. Alisema, "Mwalimu, shaba na dhahabu ni mali. Wewe waniletea vifuniko vya soda." Ni kweli, na sitaki kulikwepa jibu hilo. Vioo vile havikuwa takataka. Vilikuwa na thamani, na waliovitoa walivikosa. Kwa hivyo hoja yangu si kwamba kitu chochote kilichookotwa kinatosha kwa kuwa tu kimeokotwa. Hoja yangu ni kwamba thamani ya kazi kama hii hutokana na kile anachotoa mtengenezaji. Tajiri hutoa dhahabu. Asiye na dhahabu ana mikono, macho na usiku wake. Injili ya Marko, sura ya 12, ina habari ya mjane aliyetoa senti mbili, na tunajua ni nani aliyesifiwa siku ile.

Waliotangulia: kioo na sufu

Wakristo wa kale nao hawakutosheka na rangi peke yake. Huko Ravenna, nchini Italia, kuna jengo dogo la karne ya 5 liitwalo kaburi la Galla Placidia. Nje ni matofali matupu. Ndani, dari lote ni mozaiki ya samawati nzito iliyotapakaa nyota za dhahabu, na madirisha yamezibwa kwa mawe membamba ya alabasta yanayopitisha mwanga hafifu.

Ufundi wa dhahabu ile ni wa kuelezwa. Mafundi walichukua kioo, wakaweka juu yake ukaratasi mwembamba sana wa dhahabu halisi, kisha wakaufunika kwa kioo kingine chembamba. Ikawa dhahabu iliyo ndani ya kioo. Kisha vipande hivyo havikupangwa sawasawa kama vigae vya bafuni. Viliinamishwa kidogo, kimoja huku na kingine kule, ili kila kimoja kidake mwanga kwa wakati wake. Msomaji wa Ufunuo akiingia mle anaona dhahabu na kioo vimekuwa kitu kimoja, kama barabara ya ule mji.

Kule Angers, Ufaransa, walitumia sufu. Mtawala Louis wa Kwanza wa Anjou aliagiza zulia kubwa la ukutani lenye kusimulia kitabu chote cha Ufunuo, likafumwa katika miaka ya 1370 hadi karibu 1382. Hadi leo zimesalia karibu mita 100 za urefu. Lakini sikiliza yaliyolipata. Baada ya mapinduzi ya Ufaransa lilikatwa vipande, vikatumiwa kama matandiko na kufunikia miti ya michungwa isiharibiwe na baridi. Katikati ya karne ya 19 ndipo padri mmoja alipoanza kuvikusanya vipande vile na kuvitengeneza. Picha ya mbingu ilifanywa tambara, kisha tambara likarudi kuwa picha ya mbingu. Tunachokiita taka si asili ya kitu. Ni sisi tulivyoamua kukitumia.

Mfagizi wa Washington

Sasa turudi kwa Hampton. Alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Elloree, jimbo la South Carolina, babake akiwa mhubiri wa Kibaptisti. Wakati huo Mmarekani mweusi wa kusini hakuwa na nafasi nyingi maishani. Mwaka 1928 alihamia Washington kwa kakake. Alifanya kazi ya upishi, akaingizwa jeshini mwaka 1942, akapelekwa hadi visiwa vya Saipan na Guam katika bahari ya Pasifiki, akiwa katika kikosi cha kazi za useremala na matengenezo ya viwanja vya ndege. Aliporudi aliajiriwa kufagia ofisi za serikali, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya hadi kufa.

Mwaka 1950 alikodi banda la kuwekea gari. Kila usiku, baada ya kumaliza kufagia, alikwenda bandani na kuendelea na kazi yake. Vitu alivitafuta kwenye maduka ya samani kuukuu, majalalani na katika ofisi alizofagia. Karatasi za kung'aa alizipata kwenye chupa za mvinyo, pakiti za sigara na maroli ya jikoni. Aliendelea hivyo kwa karibu miaka 14. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Kiti kile hakikung'aa kwa siku moja.

Kazi nzima ina vipande karibu 180. Katikati kuna kiti cha kukalia kikuukuu kilichovikwa mbawa na taji, na juu yake maandishi makubwa yanayomwambia anayekaribia asiogope. Pande zake mbili zimelingana kama uso wa mtu: kila meza ya kushoto ina mwenzake kulia, kila taji lina pacha wake. Upande mmoja umetengewa Agano la Kale na sheria ya Musa. Upande wa pili ni Agano Jipya na neema ya Yesu. Jina lake kamili ni refu, na kwa Kiswahili twaweza kusema Kiti cha Enzi cha Mbingu ya Tatu cha Mkutano Mkuu wa Mataifa wa Milenia. Hiyo mbingu ya tatu inatoka katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 12, ambapo Paulo anamtaja mtu aliyenyakuliwa hadi huko.

Hampton alikufa mnamo Novemba 1964. Kodi ilipokoma, mwenye banda alikwenda kuangalia, akafungua mlango na kukuta mng'aro ule. Hata dada yake Hampton alikiona kwa mara ya kwanza baada ya nduguye kufa. Pamoja na kiti kulikuwa na daftari lililoandikwa kwa herufi alizozibuni mwenyewe, ambazo hadi leo hazijasomeka. Mwaka 1970 kazi hiyo ilikabidhiwa jumba la makumbusho, na leo inatajwa miongoni mwa kazi kubwa kabisa za sanaa ya kidini zilizowahi kutoka Marekani.

Jiulize: mwenye banda angeita gari la taka siku ile, nani angemlaumu? Maboksi na karatasi za sigara, si ndivyo vilivyokuwamo? Kilichokiokoa ni utaratibu wake. Mtu yeyote akiingia mle aliona mara moja kwamba hapa kuna akili iliyopanga, na mikono iliyochoka.

Bi Gertrude na nyumba za ghorofa

Mfano wa pili ni wa mwanamke, Sister Gertrude Morgan, aliyezaliwa mwaka 1900 katika jimbo la Alabama na kuishi New Orleans hadi alipofariki mwaka 1980. Alikuwa mhubiri wa mitaani. Mwaka 1957 aliamini kwamba amefunuliwa kuwa bibi harusi wa Kristo, na tangu hapo akawa anavaa nguo nyeupe tupu.

Yeye alichora na kuandika juu ya chochote kilichomfikia: kadibodi, mapazia ya madirisha, sahani za plastiki za kufungia vyakula, vipepeo vya karatasi, hata kasha la gitaa. Alichanganya rangi za maji, krayoni na kalamu za wino, na kati ya picha akajaza maandishi ya Biblia kwa mkono wake. Alipenda sana Yerusalemu Mpya, na alivyouonyesha mji huo ni funzo kubwa. Hakuuchora kama kasri la mfalme wa Ulaya. Aliuchora kama nyumba ya ghorofa yenye vyumba vingi, kila chumba na dirisha lake, malaika wakiwa juu na watu wakiwa chini. Yaani ni mahali ambapo mtu kama yeye angepata chumba.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa hali ya chini huitengeneza mbingu kwa vitu vya nyumbani. Mbingu ya dhahabu ya Ravenna inakuambia kwamba Mungu ni mkuu. Mbingu ya kadibodi ya Bi Gertrude inakuambia kwamba hata wewe una nafasi. Maneno yote mawili yamo katika Biblia.

Kiti kisicho na aliyekikalia

Wasomaji wengi wa hapa ni Waislamu, na huenda wakauliza: sisi tusiochora mambo kama haya yatuhusu nini? Nawaomba watazame jambo moja katika kazi ya Hampton. Kiti chake ni kitupu. Miaka 14 alikipamba, lakini hakuweka sanamu ya aliyekusudiwa kukikalia. Alitengeneza mahali, hakutengeneza uso.

Hiyo ndiyo adabu ninayoisisitiza kwa vijana: msimchore Mungu, mwekeeni nafasi. Na adabu hiyo Mwislamu wa Pwani anaielewa vizuri, maana milango yetu ya kuchongwa na kuta za misikiti zimejaa maua, nyota na mistari, bila ya sura ya mtu. Surat Rahman nayo yataja yakuti na marijani, na huko ni kufananisha kwa vitu vizuri, si kuchora. Njia zetu hazilingani kwa kila jambo, lakini tunaweza kutazama kazi ya jirani na tukajua anasema nini.

Jinsi tunavyofanya hapa

Kwa walimu na vikundi watakaopenda kujaribu, haya ndiyo tunayoyafuata.

Kwanza ni kusoma, kisha kuokota. Vijana husoma sura nzima na kuandika kila kitu kilichotajwa na rangi yake. Kitu kisicho na neno lake katika orodha hakibandikwi. Vioo vya chupa za soda za kijani ni zumaridi. Chupa za dawa za rangi ya hudhurungi ni akiki. Kioo cha dirisha kilichovunjika ni bahari ya kioo. Chupa za samawati ni adimu, basi mto umekatwa kutoka kwa leso kuukuu. Majani ya mti wa uzima ni mikebe iliyokatwa kwa mkasi wa bati, na matunda yake ni vifuniko vya soda vilivyopakwa rangi 12. Milango ya lulu inatoka kwa maganda ya chaza waliokwisha kuliwa. Makombe na matumbawe yaliyo hai baharini hayaguswi, na katika hifadhi zetu za bahari ni marufuku kuyachukua.

Pili ni kusafisha. Kila kitu huoshwa kwa sabuni na kuanikwa. Kitu kikiingia kikiwa kichafu, kitabaki kuwa taka. Kingo za vioo husuguliwa kwa jiwe la kunolea, ndani ya maji, mtu akiwa amevaa glavu. Ndara hukatwa kwa kisu na kulainishwa kwa msasa. Haziyeyushwi kwa moto, maana moshi wake ni sumu. Lamu wameshatuonyesha kinachowezekana: jahazi la Flipflopi, lililozinduliwa mwaka 2018, liliundwa kwa plastiki iliyookotwa, likavikwa ndara za rangi, na mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja.

Tatu ni kudumu. Hewa yetu ya chumvi hula bati na misumari. Tunatumia misumari ya mabati isiyoshika kutu haraka, gundi ya mafundi viatu kwa ndara na gundi ya mbao kwa vitambaa, kisha tunapaka vanishi mara mbili.

Nne ni mpangilio. Kama alivyofanya Hampton, kila kilicho kushoto kiwe na mwenzake kulia. Jicho likiona ulinganifu, linaacha kuhesabu vifuniko vya soda na kuanza kuona mji.

Tano ni nuru. Ufunuo unasema mji ule hauhitaji jua wala taa. Kwa hivyo taa zetu ndogo za betri zimefichwa nyuma ya vioo, mtu aone mwanga asione unakotoka.

Dharau inaanzia wapi

Dharau ipo, na mzee ana haki ya kuihofia. Ni dharau kubandika ovyo vitu vichafu kisha ukaviita mbingu kwa kuwa hukutaka kujisumbua. Ni dharau pia, na hii husemwa mara chache, kumwambia kijana asiye na senti kwamba hawezi kuzungumza juu ya mbingu mpaka apate pesa za kununua rangi ya dhahabu. Ya kwanza inamkosea heshima Mungu. Ya pili inamkosea kijana, na mwenye kumjua Mungu atasema haiko mbali na ya kwanza.

Pendekezo langu kwa kamati, na kwa kanisa lolote litakalokutana na swali hili, ni rahisi. Kabla ya kuamua, kila nyumba ilete kitu kimoja kilichowahi kuwa na kazi: kioo cha kabati la marehemu bibi, kipande cha leso ya harusi, kitasa cha mlango uliong'olewa, kijiko kilichopinda. Kisha vijana wapewe nafasi ya kuvifanyia kazi mbele ya wazee, mezani, mchana. Kina mama wa jangwani walileta vioo vyao kwa Bezaleli, na hakuna aliyewauliza kwa nini havikuwa dhahabu.